Waliocheka na Mama Joanitha

Siku Apolinary alipozikwa, watu wa kijiji cha Ngenge walicheka. Hilo lisemwe kwanza, kwa sababu baadaye ilionekana kana kwamba alicheka mtu mmoja tu.

Apolinary alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha kahawa kwa miaka ishirini na sita, na alikuwa mtu wa maneno. Mkulima akileta gunia ambalo halijakauka sawasawa, hakumgombeza. Alimwambia, "Waitu, ndugu yangu, kahawa hii bado inanyonya, irudishe kwa mama yake," na mkulima akabeba gunia lake akarudi nalo huku anacheka. Presha ndiyo iliyomwangusha. Alikuwa kibanjani, kwenye shamba lake la nyumbani, asubuhi anakata majani makavu ya migomba, na kabla ya saa sita alikuwa ameshafariki.

Mkewe aliitwa Agnetha, lakini kijiji kizima kilimwita Mama Joanitha kwa jina la binti yao. Alikuwa kiongozi wa jumuiya ndogo ya Wakatoliki ya kitongoji chao, na kazi yake iliyomfanya ajulikane hadi Bukoba mjini ilikuwa akamwani, ile buni inayochemshwa na majani ya kunukia, ikaanikwa, ikatafunwa na wageni wakati wa mazungumzo. Wengi wanaichemsha. Ya kwake ilikuwa na ladha ambayo watu walishindwa kuiga, na wasafiri waliokuwa wakirudi Dar es Salaam walikuwa wakiiulizia kwa jina lake.

Siku nne za msiba hakula chochote ila uji, na hakuzungumza ila pale alipoulizwa. Alikaa juu ya mkeka kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, akiwa ameegemea ukuta, na wanawake waliokaa naye walianza kuogopa. Siku ya maziko, katekista alipomaliza sala na mashada yalipokwisha kuwekwa, walimwomba Rutaihwa aseme neno. Rutaihwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa harusi yao, na tangu ujana hakuwahi kukaa wiki mbili bila kumwona Apolinary.

"Mwaka ule tulipokwenda kumposea," Rutaihwa alianza, "Apolinary hakuwa na viatu. Nikampa vyangu. Mimi navaa namba saba, yeye tisa. Tulipofika ukweni akavivua mlangoni kwa maumivu, si kwa heshima. Wazee wakazungumza, tukapiga magoti, mambo yakaenda vizuri. Tunatoka nje, kiatu kimoja hakipo. Mbwa wa mzee amekichukua. Bwana harusi akavuka uwanja anachechemea, mguu mmoja una kiatu, mmoja peku. Mzee akanivuta pembeni akaniuliza, 'Mbona hamkutuambia kijana ni mlemavu?' Nikamjibu, 'Si ulemavu, waitu. Ni adabu. Kwetu mtu akienda ukweni hujipunguza.'"

Hapo ndipo watu walipocheka. Katekista aligeuka akatazama migomba, mabega yanamtikisika. Jovita, dada wa marehemu, aliyekuwa amelia hadi sauti ikamkauka, alimshika wifi yake mkono akaning'inia kwake, anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka. Na Agnetha akacheka kuliko wote. Alirudisha kichwa nyuma, akapiga mapaja yake kwa viganja.

Alikuwa na sababu ambayo Rutaihwa hakuijua. Hakukuwa na mbwa. Kiatu kile alikificha yeye mwenyewe, nyuma ya mtungi wa maji, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa anayetaka kuona kama mwanamume yule akiaibishwa atakasirika. Alimwambia mumewe ukweli baada ya Joanitha kuzaliwa. Apolinary akamwambia asithubutu kumwambia Rutaihwa, mbwa abebe lawama zake. Wakaitunza siri hiyo miaka yote, na sasa Rutaihwa alikuwa amesimama kando ya kaburi anamsingizia mbwa mbele ya watu mia tatu.

Kicheko hakikudumu. Kiligeuka kilio hapohapo, kilio cha kwanza alichokitoa tangu siku ile ya kibanjani, na Jovita alimkumbatia hadi kilipopungua. Wanawake waliokuwa wakiogopa wakashusha pumzi.

Joanitha alikuwa amerekodi kwa simu tangu mwanzo wa hotuba. Ana saluni ndogo Kitendaguro, mjini Bukoba, na alitaka awe na kumbukumbu. Jioni ile alikata kipande cha sekunde kumi na nne akakiweka kwenye status yake na maneno haya: "Leo mama amecheka. Asante, baba." Halafu akaenda kuosha vyombo.

Wiki ya nne baada ya maziko Agnetha alifunga pakiti za akamwani akaenda nazo Rwamishenye, mjini Bukoba, kwa Bashiri. Bashiri alikuwa na duka karibu na stendi, na alikuwa akichukua mzigo wake tangu baba yake Bashiri alipokuwa hai. Kwa kawaida alitoka nje ya kaunta kumpokea. Siku hiyo hakutoka.

"Pole na msiba, mama," alisema. "Karibu ukae." Alimvutia kiti. Kisha akasimama kidogo akichezea kalamu. "Mama, samahani. Kuna kitu sijui kama umekiona."

"Kitu gani?"

"Kwenye simu."

"Simu yangu ni kitochi, mwanangu. Haioneshi kitu."

Bashiri akamwonesha ya kwake.

Agnetha aliona mwanamke mwenye kitambaa cha msiba kichwani amekaa pembeni mwa kaburi bichi, anacheka mdomo wazi, anapiga mapaja. Sauti ya Rutaihwa haikuwapo. Badala yake kulikuwa na muziki wa kuchezea ngoma. Watu waliomzunguka walikuwa wamekatwa, amebaki peke yake, ila ncha za vidole vya mtu mwingine zilionekana kwenye kiwiko chake. Juu yake kulikuwa na maandishi mekundu: MJANE AMCHEKA MUMEWE KABURINI, BUKOBA. Kikaisha, kikaanza tena. Kikaisha, kikaanza tena. Ilipita mara ya tatu ndipo alipomtambua mwanamke yule.

"Hapa si Bukoba," alisema. Ndilo neno pekee lililomjia. "Hapa ni Ngenge."

"Najua, mama."

"Wamekiona wangapi?"

"Huu ukurasa peke yake, laki sita. Na wengine wamekichukua."

Laki sita. Agnetha alijaribu kuwafikiria watu laki sita wamesimama kibanjani mwake, akashindwa. "Kuna maneno hapo chini," alisema. "Nisomee."

"Hayafai, mama."

"Nisomee, Bashiri."

Akasoma machache kwa sauti ya chini, akiruka mengine. Mmoja alisema mwanamke huyo akamatwe. Mwingine alisema meno yote nje, kumbe nyumba ya mjini imeshakuwa yake. Mwingine aliandika: "Mimi ni jirani yake kabisa. Alimlisha sumu, kijiji kizima kinajua."

"Jirani gani huyo?"

"Hajaweka jina lake, mama. Ameweka picha ya ua."

 Agnetha alijua hawakuwa na nyumba yoyote mjini. Apolinary hakuwahi kumiliki hata kiwanja Bukoba.  Bashiri akainama chini ya kaunta, akatoa pakiti zilizobaki za mzigo uliopita, akaziweka polepole mbele yake.

"Si mimi, mama," alisema. "Mimi nazitafuna mpaka leo. Ni wateja. Wanauliza nani amechemsha."

Kutoka Rwamishenye hadi Kitendaguro alikwenda kwa miguu na mzigo wake wote, wa zamani na mpya. Joanitha alikuwa anasuka mteja. Alipoona uso wa mama yake mlangoni aliachia nywele alizozishika, na Agnetha akajua kwamba binti yake alikuwa akijua.

"Tangu lini?" aliuliza baada ya mteja kutoka.

"Siku kumi sasa." Joanitha alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Ni mimi niliyeiweka, mama. Niliiweka kwa upendo. Mtu akaichukua, sijui nani. Nikaandika kueleza. Nikasema yule ni mama yangu, alikuwa anacheka hadithi ya rafiki wa baba. Wakanijibu kwamba hata mimi nimeshiriki. Kadiri nilivyojibu ndivyo ilivyozidi kusambaa. Nikaacha."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani itapita. Hizi hupita."

Wakaripoti ule ukurasa, na baada ya siku chache uliondolewa. Lakini kufikia hapo kipande kilikuwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu, ya bodaboda, ya wanakwaya, ya familia zilizoko Mwanza na Dar, na huko hakuna pa kuripoti.

Agnetha alirudi Ngenge, na njiani mambo yakaanza kumjia moja baada ya jingine. Jumapili mbili zilizopita benchi lake kanisani lilikuwa na nafasi pande zote. Jumuiya ilipokutana kwake, walisali haraka, na kikapu cha akamwani kilipozungushwa, kila mkono ulikipitisha kwa mwingine hadi kikamrudia kikiwa kimejaa. Alikuwa amedhani wanamheshimu kwa sababu ya msiba.

Hata hivyo hakukata tamaa. Watu wa mbali hawamjui, wana haki ya kudanganyika. Lakini Ngenge walikuwapo. Aliweka mzigo ndani, akavuka kibanja kwenda kwa Jovita.

Jovita alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Alisogeza kigoda, hakunyanyua uso.

"Wifi, umeiona hiyo takataka?" Agnetha aliuliza.

"Nimeiona."

"Basi nisaidie. Jumapili baada ya misa tusimame mimi na wewe, tuwaambie watu ilikuwaje. Wewe ni damu yake, watakusikia."

Jovita alimenya ndizi nyingine, akaitumbukiza kwenye maji. "Niwaambie nini, Mama Joanitha?"

"Kwamba tulicheka. Wote."

"Mimi sikucheka."

Agnetha alidhani hakusikia vizuri. "Jovita, ulinishika mkono. Ulining'inia kwangu ukicheka hadi machozi."

"Nilikushika kwa sababu nilikuwa nakuonea aibu. Nilikuwa nakutuliza." Sasa Jovita alimtazama, na machoni mwake hapakuwa na hila wala ubaya, palikuwa na huzuni tu. "Nilikuwa nalia, wifi. Kaka yangu yuko kwenye shimo, ningecheka nini? Nilikutazama nikashangaa. Sikutaka kusema kwa sababu ya heshima."

Miaka yake yote Agnetha alikuwa ameona watu wakisema uongo, na alijua sura ya mtu anayesema uongo. Ile haikuwa sura hiyo. Alisimama akaondoka bila kuaga.

Kuanzia siku hiyo hofu ya aina nyingine ilimwingia. Joanitha alikuwa amemwachia simu yake ya zamani yenye ule mkanda mzima, dakika kumi na moja, lakini humo pia kilikuwemo kile kipande kifupi chenye muziki, na Agnetha akawa anakitazama kile kifupi. Alikitazama akiwa jikoni, alikitazama akisubiri buni zichemke. Kadiri alivyokitazama, ndivyo yule mwanamke alivyozidi kuonekana mbaya. Kweli meno yote yalikuwa nje. Kweli alikuwa anapiga mapaja kama mtu wa ngomani. Siku moja alijisikia akisema kwa sauti, "Mwanamke huyu hana haya," na alipogundua ni nani aliyemsema aliizima simu akaiweka ndani ya debe la unga.

Misa ya kumwombea marehemu ilipofika, ukoo ulikusanyika nyumbani. Joanitha alikuja na kompyuta aliyoiazima kwa jirani. Baada ya chakula aliiweka juu ya meza akawaomba watu wasogee. Josia, binamu wa marehemu na mwenyekiti wa ukoo, alikaa mbele. Jovita alisimama karibu na mlango. Rutaihwa alikaa peke yake kwenye kona. Uvumi kwamba alikuwa na uhusiano na mjane ulikuwa umemfikia, na hakuwa amekanyaga pale tangu maziko.

Wakatazama dakika zote kumi na moja. Sauti ya Rutaihwa ilijaa sebuleni, viatu namba saba, mbwa, mzee akiuliza. Kisha kile kicheko, uwanja mzima, na kamera ikizunguka: katekista akigeukia migomba, Josia mwenyewe akijifuta macho kwa kofia, na Jovita akiwa ameshika mkono wa Agnetha, kinywa wazi, mwili wote unatikisika. Halafu kilio. Kisha mkanda ukaisha.

 Agnetha alikuwa anatazama nyuso, na moyo wake ulikuwa umeanza kupata joto. Josia alikohoa.

"Siku hizi," alisema, "wanaweza kutengeneza chochote."

"Baba mdogo," Joanitha alisema, "hiyo ni simu yangu. Nimerekodi mimi."

"Sisemi wewe umetengeneza, mwanangu. Nasema tu inawezekana. Hata juzi walituonesha mtu aliyekufa anahutubia." Watu wawili watatu waliitikia kwa vichwa. "Mimi kofia yangu siku ile niliivua kwa heshima. Nakumbuka vizuri."

"Na mimi?" Rutaihwa aliuliza kutoka kwenye kona. "Hotuba yangu nayo imetengenezwa?"

"Ulisema neno, ndiyo. Lakini sikumbuki kama lilikuwa la kuchekesha hivyo."

 Rutaihwa alimtazama Agnetha kama mtu anayejiuliza kama yuko macho au anaota.  Agnetha alikuwa ameamini, kwa siku zote zile, kwamba ukweli ulikuwa umefungiwa ndani ya simu, na kwamba siku ukifunguliwa watu watauona kama wanavyoona mvua. Sasa umefunguliwa, umepita mbele ya macho yao, na watu walikuwa wanainuka wakikung'uta nguo zao, wakiulizana habari za bei ya kahawa. Alipogeuka mlangoni, Jovita hakuwapo.

Zilipita wiki tano. Agnetha aliacha kuchemsha buni za kuuza. Uongozi wa jumuiya alipokonywa kwa maneno matamu, kwamba apumzike, amefiwa. Hakubisha. Rutaihwa peke yake ndiye aliyerudi kuja, kila Alhamisi, mchana kweupe, akikaa nje mahali ambapo kila mpita njia angemwona. Mara ya pili alipokuja, Agnetha alimwambia juu ya kiatu na mtungi.  "Miaka yote hiyo nimemchukia mbwa wa watu," Rutaihwa alisema.

Kisha asubuhi moja, Agnetha akiwa anageuza buni chache za nyumbani juu ya mkeka, Jovita aliingia uani. Alikuwa amekonda. Hakusalimia kama kawaida.

"Wifi, una ile ya Joanitha? Ile ndefu?"

"Ninayo."

"Nataka kuiona tena. Nikiwa peke yangu."

Agnetha alimwekea, akaendelea na kazi yake. Alisikia sauti ya Rutaihwa, akasikia kicheko, akasikia kilio. Halafu akasikia tena kutoka mwanzo. Mara ya tatu Jovita aliisimamisha katikati. Agnetha alipomfikia alimkuta ameweka kidole kwenye kioo, juu ya uso wake mwenyewe.

"Huyu ni mimi," Jovita alisema.

"Ni wewe."

"Hilo gauni nililishona mwenyewe. Hakuna mtu wa mtandaoni anayelijua." Alisogeza simu karibu na macho. "Ninacheka."

"Unacheka."

"Mbona sikumbuki, Agnetha?" Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi kumwita kwa jina lake. "Sikukudanganya. Nimejipekua kila siku. Nikifumba macho naona wewe unacheka peke yako, na ule muziki unalia. Muziki haukuwapo, najua haukuwapo, lakini ndio ninaousikia. Kaka yangu amezikwa mara moja tu, nami nilikuwapo, na sina tena maziko yake. Nina yale ya kwenye simu."

Agnetha alikuwa na mengi aliyoyaweka akiba kwa siku ambayo Jovita angekuja. Yote yalimtoka akilini. Alikaa chini kando yake, wakatazama tena wote wawili, na Agnetha akawa anamsimulia polepole vitu ambavyo simu haikuvionesha: jinsi ardhi ilivyonuka kwa mvua ya usiku uliotangulia, jinsi Jovita alivyomkanyaga kidole cha mguu, jinsi alivyomnong'oneza sikioni katikati ya kicheko, "Kaka yangu alikuwa mjinga sana." Hapo Jovita aliinua kichwa.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema hivyo."

Jovita alirudi kuutazama uso wake kwenye kioo. "Ningeweza kusema hivyo," alisema hatimaye. Hakusema kwamba amekumbuka.

Jumanne iliyofuata, jumuiya ilipokutana, Jovita alisimama baada ya sala. Alisema kwa maneno machache kwamba siku ya maziko alicheka, na kwamba wifi yake hakucheka peke yake, na kwamba yeye amemkosea. Wanawake watatu walikwenda kumwona Agnetha siku hiyohiyo. Wawili kati yao walisema nao walicheka. Mmoja alisema hakumbuki, lakini ameleta ndizi. Wengine walirudi nyumbani wakasema Jovita amelishwa kitu. Josia hakubadilika, na hadi leo akiulizwa anasema kofia aliivua kwa heshima.

Bashiri alianza kuchukua mzigo tena mwezi wa kumi, pakiti kumi badala ya hamsini, bila jina juu yake. Kipande chenyewe bado kinazunguka. Mwezi uliopita kilirudi kikiwa na maandishi mapya, kikisema ni cha nchi nyingine kabisa, na mwanamke amepewa jina ambalo Ngenge hakuna anayeweza kulitamka.